Muhuri Ambao Sikuutafuta

Butembo, Alhamisi, baada ya chakula cha mchana

Solange mwanangu,

Ile sahani ya Jumapili haikuniponyoka. Nilimwambia shangazi yako kwamba mikono ilikuwa na sabuni, naye akaamini, na wewe ukainama kuokota vipande. Niliitupa chini mwenyewe. Niliitupa kwa sababu ulikuwa umetoka kutuambia, huku unafuta masufuria kama mtu anayetoa habari ndogo, kwamba ukifika Kinshasa utaingia kwenye kazi ya yule mfanyabiashara, na ile staji ya uhasibu, mafunzo ya kukufikisha kwenye kiapo, itangoja mwaka mmoja au miwili. Ulisema: "Patron amesema niko mutu wa nyumba. Ile karatasi nitaitafuta kisha."

Leo ni Alhamisi na hasira bado iko. Nilidhani itapoa, haikupoa. Baba yako yuko shuleni, wewe umekwenda parokiani kuagana na wanakwaya wenzako, mvua inapiga mabati, nami nimeondoa faili za wateja mezani ili nikuandikie. Kesho asubuhi gari la Beni litakuchukua, halafu ndege. Mambo ya sweta, ya chandarua, ya kutotembea na simu mkononi, shangazi yako atakuambia mpaka uchoke. Mimi nina jambo moja tu, na hulijui.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha babu yako katekista, alichonifundisha kule Kirumba kwa Injili na kwa fimbo, si kile tunachosema nyumbani. Kile cha nyumbani kinanipeleka kwenye Kifaransa, na Kifaransa kinanifanya mpole. Leo sitaki kuwa mpole.

Unajua kwamba tulihama Beni ulipokuwa na miaka kumi na mmoja, kwa sababu ya usalama. Ndivyo tulivyokuambia, ndivyo tulivyowaambia majirani. Watu wengi walihama siku zile, wengine na godoro kichwani tu, kwa hiyo hakuna aliyetuuliza swali. Solange, sisi hatukukimbia risasi. Mimi nilifukuzwa kazi mbele ya ukumbi uliojaa wakulima, na baada ya hapo niliona haya hata kununua nyanya sokoni, maana kila muuzaji alikuwa na ndugu yake aliyekuwa ndani ya ukumbi ule. Tulihama kwa ajili ya aibu yangu. Nimejificha nyuma ya vifo vya watu wengine miaka yote hii, na hilo peke yake lingetosha kunikasirisha.

Nilipomaliza masomo ya biashara hapa Butembo, nilipata kazi kwenye koperative, yaani ushirika, ya wakulima wa kakao. Ofisi ilikuwa Beni, wakulima wengi walikuwa upande wa Mangina. Baba yako alikuwa ameletwa na serikali kutoka Kasaï kufundisha hesabu. Tulijuana kwenye foleni ya benki, yeye akiwa amekuja mara ya tatu kuuliza mshahara, mimi nikicheka namna alivyokuwa anamuuliza karani kwa heshima nyingi.

Kazi ile niliipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Nilipanda pikipiki mpaka Mangina, nikakaa karibu na mizani, nikaangalia kakao ikimwagwa, nikaandika. Nilijua nani anakausha vizuri na nani anapima gunia likiwa bado na maji. Lori likikwama mpakani Kasindi, nilijua ni wakala gani wa forodha anagombana na nani. Watu waliniita Mama Comptable, mama mhasibu, na wengine hawakujua kama nina jina lingine. Nilipofunga hesabu za mwaka, hazikuwa na doa.

Lakini hazikuwa hesabu mpaka mtu mwingine azisaini. Koperative ya ukubwa ule ilitakiwa hesabu zake zithibitishwe na expert-comptable, yaani mhasibu aliyefanya staji miaka yake, akafaulu mitihani, akaapa, akapewa namba na muhuri. Kwetu hakukuwa na hata mmoja. Basi kila mwaka alikuja mmoja kwa ndege kutoka Kinshasa, Bwana Didier. Alikaa siku mbili. Alikula samaki, alilalamika juu ya vumbi, alifungua faili zangu, aliuliza maswali mawili matatu, tena maswali mazuri, kisha akagonga muhuri. Mwaka mmoja aliniambia: "Mama Masika, hesabu zako ziko safi kupita za ofisi yangu. Juu ya nini hauendi kuapa?"

Nilicheka. Nilidhani amenisifu. Kumbe alikuwa ameniuliza swali.

Baba yako ndiye aliyelichukua lile swali kwa uzito. Bila kuniambia, alimwandikia mtu aliyesoma naye, akapata fomu za kujiandikisha na orodha ya masomo ya mitihani. Halafu akauza pikipiki yake ili kulipia. Wewe ulikuwa mdogo, labda huikumbuki, ilikuwa nyekundu na alikuwa anaisugua kila Jumamosi kama mtu anayeosha mtoto. Alileta bahasha akaiweka mbele yangu, akasema nijiandae, yeye atabaki na wewe nitakapokuwa Kinshasa. Nilimuuliza pikipiki iko wapi. Akasema kutembea ni afya.

Nilikwenda kwa prezida wa koperative kuomba ruhusa. Aliitwa Kambere, mtu wa sauti ya chini, hakuwahi kumfokea mfanyakazi. Alifunga mlango, akanimiminia chai yeye mwenyewe, akaniambia: "Masika, weye uko mutu wa nyumba. Bale banatafuta karatasi ni bale bahana kazi. Weye kazi iko mu mikono yako." Juma lililofuata alinitangaza chef comptable, mkuu wa wahasibu. Nilipewa ofisi yenye mlango, na ufunguo wake, na kiti kinachozunguka.

Bahasha ya baba yako niliiweka ndani ya droo ya ofisi ile mpya. Alipouliza, nilimwambia tarehe ya kujiandikisha ilikuwa imepita. Haikuwa imepita. Zilikuwa zimebaki wiki sita.

Wanawake wengi wa umri wangu watakuambia mume alikataa, au mama mkwe alikataa, au mtoto alikuwa na homa. Nawaonea wivu. Mimi sina hata sababu moja ya namna hiyo. Mume aliuza pikipiki. Mtoto alikuwa mzima. Hata Kambere hakunikataza, aliniambia maneno matamu tu, nami nikayapokea kwa mikono miwili kwa sababu nilikuwa nayatafuta. Tangu shule ya msingi nilikuwa wa kwanza darasani. Sikuwahi kuanguka mtihani. Nikajiona nimekaa benchi Kinshasa na vijana walionizidi Kifaransa, matokeo yanabandikwa ukutani, na jina langu halimo, na habari inafika Beni kabla yangu: Mama Comptable ameanguka. Niliogopa, Solange. Kiti kinachozunguka kilinipa mahali pa kujificha, na woga wangu nikauita heshima.

Kwa miaka kadhaa hakuna kilichoharibika, na hiyo ndiyo hatari yake. Mtu anaweza kuishi vizuri kabisa bila muhuri, mpaka siku anapouhitaji.

Wanunuzi wa Ulaya walikuwa wameanza kulipa nyongeza juu ya bei kwa wakulima waliofuata masharti yao. Nyongeza ile ilitakiwa irudi kwa wakulima wenyewe kwa miche, kwa vikaushio, kwa karo za watoto. Mwaka mmoja Kambere aliniletea faktira, yaani ankara, za kitalu cha miche, kikubwa, karibu na Mangina, na mahali palikuwa pameandikwa waziwazi. Nilikuwa nimepita njia ile majuma mawili nyuma, wala sikuona kitalu. Nilipanda pikipiki ya kukodi nikarudi kuangalia.

Mahali pa kitalu palikuwa na muhogo. Mjane mmoja alikuwa anaupalilia, Mama Kanyere, mwanachama wetu. Shamba lake la kakao lilikuwa ndani zaidi, upande ambao watu walikuwa hawaendi tena bila kuogopa, na alikuwa anangoja nyongeza ile ili mtoto wake asitolewe shuleni. Nilimuuliza kama amesikia habari ya kitalu hapa. Aliangalia muhogo wake, akaniangalia mimi, akaniuliza kama nimekula.

Nilirudi Beni nikafukua nyingine. Faktira za vikaushio ambavyo havikujengwa. Faktira za duka ambalo lilikuwa limefungwa kabla ya tarehe zilizoandikwa. Na mjini, wakati huohuo, nyumba ya ghorofa ya shemeji yake Kambere ilikuwa inapanda kila juma. Nilikataa kuingiza faktira zile. Kambere hakukasirika. Alisema tu: "Weka, Mama. Expert njo atasema kama iko mubaya." Nilikataa tena. Akampa karani mwingine kompyuta yangu, zikaingizwa.

Bwana Didier alipokuja mwaka ule, sikuitwa. Nilitumwa Kasindi kufuatilia lori ambalo, nilipofika, halikuwa na tatizo lolote. Dereva alikuwa amelala chini yake, kwenye kivuli. Niliporudi Beni, Bwana Didier alikuwa ameondoka. Ripoti ilikuwa mezani, imefungwa vizuri kwa plastiki ya bluu, na muhuri kwenye ukurasa wa mwisho.

Basi niliandika ripoti yangu. Kurasa kumi na moja, na picha za muhogo. Mkutano mkuu wa wakulima ulifanyika ndani ya ukumbi wa parokia, nami nikasimama nikaisoma. Niliona wazee wakiinamisha vichwa ili wasikie vizuri, nikafikiri, imekwisha, wamesikia.

Kambere alingoja nimalize. Akanishukuru. Akasema wote wananiheshimu, na ana swali dogo.

"Mama, weye uko expert-comptable?"

Nikasema hapana.

"Uko na numéro ya kiapo?"

Nikasema sina.

Akachukua ile ripoti yenye plastiki ya bluu, akaifungua ukurasa wa mwisho, akaiinua ili hata walio nyuma waone. "Huyu baba aliapa," alisema. "Mama yetu hakuapa. Tukienda ku banque na karatasi ya Mama, banatuuliza muhuri iko wapi. Mutajibu nini?"

Nilikuwa na ukweli wote mkononi, kurasa kumi na moja, bila muhuri. Walinyoosha mikono kupitisha hesabu. Wengine walikuwa watu waliokuja ofisini kwangu kila mwaka nikawaandikia barua bure. Kisha Kambere akatangaza, kwa sauti yake ileile ya chini, kwamba kwa ajili ya kulinda umoja, huduma yangu imeishia hapo.

Mama Kanyere hakunyoosha mkono. Nilimkuta nje, anajifunga kitenge vizuri, tayari kurudi Mangina. Nilitegemea aniambie pole. Sikutegemea kitu kingine, nilikuwa nimestahili pole. Alisema:

"Weye ulijua ile kazi miaka yote. Kama ulijua, juu ya nini haukutafuta ile muhuri? Sisi tulikuwa tunakutegemea weye."

Akaondoka. Katika wote waliokuwa pale siku ile, yeye ndiye niliyemchukia zaidi. Nilimchukia karibu mwaka mzima. Kambere nilimsahau usingizini, yeye sikumsahau. Ilinichukua muda kukubali kwamba ni mtu mmoja tu aliyeniambia ukweli siku ile, na alikuwa mjane ambaye nyongeza yake ilikuwa imegeuka kuwa ngazi za saruji za mtu mwingine. Mtoto wake alitolewa shuleni. Hilo nililisikia baadaye, kwa mtu aliyetoka kule.

Nilijaribu. Usidhani nilikaa tu. Nilipeleka kurasa zangu kwa hakimu mmoja, kijana aliyetumwa kwetu kutoka mkoa mwingine, mwenye uvumilivu. Alizisoma zote. Akaniambia anaamini ninachosema, lakini mbele ya sheria mimi ni mfanyakazi aliyefukuzwa anayemshitaki mwajiri wake. Alihitaji ripoti ya mhasibu aliyeapa, asiye na upande. Tuliandika kwa wawili waliokuwa mbali. Mmoja hakujibu. Mwingine alijibu kwamba barabara zetu zinamwogopesha. Faili ile ililala, na mpaka leo nasikia haijaamka. Kwenye ghorofa ya shemeji yake Kambere sasa wanakaa wapangaji.

Karibu mwaka ulipita, tukiwa tayari hapa Butembo, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Bwana Didier. Alikuwa amesikia. Akasema: "Mama Masika, sikukula pesa ya mutu. Nataka ujue ile. Nilikuwa na avion saa nane, nilisaini bila kusoma zile page."

Nilikuwa nimejiandaa miezi yote ile kwa mwizi. Mwizi ningemwelewa. Mtu aliyekula pamoja na Kambere, ningejua nimweke wapi moyoni. Lakini ndege ya saa nane, Solange. Watu wote wale, na miche yao, na watoto wao, kwa sababu ya ndege ya saa nane. Nilikata simu, na sijawahi kumpigia.

Kwa hiyo sikuambii kwamba walioapa ni watakatifu. Ukifika Kinshasa utawaona. Wengine watakuwa kama yeye, wenye akili, wapole, na wavivu. Muhuri haumfanyi mtu kuwa mwaminifu. Lakini angalia siku ile ilivyokuwa: mimi niliyesoma kila ukurasa sikuwa na muhuri, na aliyekuwa na muhuri hakusoma. Kama vitu vile viwili vingekuwa ndani ya mtu mmoja, Kambere asingeweza kunituma Kasindi. Angelazimika kuja mezani kwangu kuomba saini, nami ningemnyima, na kunyima kwangu kungekuwa na nguvu ya sheria nyuma yake. Kama angenifukuza, ningefungua mlango wangu mwenyewe barabara ya pili, na kibao chenye jina langu, na wafanyabiashara wote wa Beni waliokuwa wanangoja mtu wa ndege wangekuja kupiga hodi. Hakuna ambaye angeniuliza mimi ni nani.

Hiyo ndiyo thamani ya ile karatasi. Watu watakuambia ni mshahara. Mshahara utakuja, sikatai, na umeona mwenyewe maisha ya anayefanya kazi bila kusaini: miaka yote ya sekondari ulinikuta mezani hapa na faili za maduka ya mabati na misumari, nafanya kila kitu, halafu ninazituma mbali kwa mtu asiyejua hata harufu ya duka lile, anaweka jina lake, na mwenye duka anamshukuru yeye. Uliniuliza mara moja, ukiwa darasa la nne la sekondari, kwa nini jina langu halipo popote. Nilikuambia ukalale. Nisamehe kwa jibu lile. Swali lilikuwa sahihi.

Kuhusu bahasha, baba yako aliijua siku tulipokuwa tunafunga vitu kuhama. Nilikuwa nimeleta nyumbani sanduku la karatasi za ofisini, akaliinua, sehemu ya chini ikapasuka. Bahasha ilianguka pamoja na karatasi nyingine. Aliiokota, akaifungua, akasoma tarehe ya mwisho. Alikuwa mwalimu wa hesabu, hakuhitaji kuambiwa. Nilimwambia hata hivyo kwamba tarehe haikuwa imepita. Siku mbili hakusema nami. Alifunga magodoro, alibeba meza, alikupigia wewe hadithi njiani, na mimi hakunisemesha. Siku ya tatu, tulipokuwa tunapanga vitanda ndani ya nyumba hii, alisema:

"Nilikuwa natembea kwa miguu, Masika."

Basi. Hakuongeza, na hajarudia tena mpaka leo. Lakini alitembea miaka minne, mvua na jua, na alikuwa anafika nyumbani na viatu mkononi ili visiharibike. Mimi nilikuwa namuona kila siku akivua soksi zilizolowa, na droo ilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu.

Sasa nije kwako, na kwa patron wako.

Sisemi ni mtu mbaya. Simjui. Labda ni mtu mwema kabisa na faktira zake zote ni za kweli. Kambere naye, siku aliponimiminia chai, sidhani kama alikuwa amekwisha kupanga kuiba. Alitaka tu mhasibu anayejua kazi na asiyeweza kuondoka. Mutu wa nyumba ni nani, Solange? Ni yule ambaye nyumba ikiungua, anaungua nayo. Mwenye nyumba anaweza kuiuza.

Lakini sijakukasirikia kwa ajili yake, na hili nimelielewa leo, wakati naandika. Mwezi wa tatu matokeo ya yale majaribio ya kuingia staji yalipotoka, nilikuona. Ulikuwa umefaulu kwa jumla, umekubaliwa, sote tuliimba. Lakini somo la kodi ulikuwa umeanguka. Niliona ulivyokunja ile karatasi ya alama, ukaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama tembe, ukaiingiza ndani ya kiatu. Ulidhani hakuna aliyeona. Tangu siku ile hukusema tena "nikiapa". Ulianza kusema "tutaona". Halafu akatokea mtu na kazi, na gari la kukupokea uwanjani, na maneno matamu.

Jumapili sikukusikia wewe ukisema. Nilijisikia mimi. Ndiyo maana sahani ilikwenda chini.

Utaanguka, mwanangu. Nakuambia mapema ili usishituke. Wengi huanguka mara ya kwanza, na wengine mara ya pili, na ukuta wa matokeo hauna huruma na mtu aliyekuwa wa kwanza darasani Butembo. Utakaa na posho ya staji isiyotosha, utakuwa unakula fufu na mboga, rafiki zako watakuwa wanatuma picha za ofisi zenye vioo. Siku kama hizo, mtu akikuambia unajua kazi kuliko walioapa, pengine atakuwa anasema kweli. Mimi pia nilikuwa najua kuliko walioapa. Niliijua kazi mpaka kwenye mizani, mpaka kwenye unyevu wa kila gunia, na ilipofika saa ya kumtetea mtu mmoja mwenye jembe mkononi, kujua kwangu kulikuwa sawa na kutojua.

Bado nina hasira. Na Kambere, na Didier na ndege yake, na nchi ambayo mtu aliyeapa yuko safari ya ndege kutoka kwa mtu anayemhitaji. Lakini hasira ile naweza kuigawa na wengine, kila mtu hapa anayo. Ile ya wiki sita ni yangu peke yangu. Nimeibeba bila kuitaja jina mpaka ikamwangukia mtoto wangu jikoni.

Baba yako anajua bahasha, hajui woga. Hata yeye nilimwambia kwamba kazi ilikuwa nyingi. Barua hii nitampa aisome kwanza, akirudi kutoka shuleni, halafu nitaiweka mkononi mwako mwenyewe. Sitaificha ndani ya begi lako uikute ukiwa mbali. Vitu vya kuficha nimeficha vya kutosha.

Uamuzi ni wako, una miaka ishirini na mitatu, na sitakuja Kinshasa kukushika mkono. Ninaomba kitu kimoja. Ukiamua kuchukua kazi ya yule bwana na kuiacha staji, usituambie kwamba nafasi zilijaa, wala kwamba tarehe ilipita. Nipigie simu uniambie: Mama, nimeogopa. Au: Mama, nimechagua. Nitakasirika. Nitakufokea mpaka majirani wazime redio ili wasikie. Pengine nitakata simu katikati ya maneno yako.

Wewe piga tena. Nitapokea.

Mama yako,
Masika